Kapenguria: Jela ya mkoloni iliyogeuzwa darasa la historia

MJI wa Kapenguria, ulio umbali wa takriban kilomita 40 kaskazini mwa Kitale, hujulikana kwa jina na kila Mkenya aliyepitia shule ya msingi, ingawa si wengi waliowahi kuukanyaga. Jina hilo limo katika vitabu vya historia kwa sababu ya watu sita waliopelekwa huko kwa nguvu mwaka wa 1952, wakazuiliwa, wakashtakiwa na hatimaye wakahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Ambalo halisimuliwi mara nyingi ni kwa nini serikali ya kikoloni iliuchagua mji huo. Haikuuchagua kwa kuwa ulikuwa na mahakama kubwa au jela madhubuti kuliko nyingine. Iliuchagua kwa sababu ulikuwa mbali na macho ya watu. Gereza lile lilipofunguliwa kwa umma kama makavazi mwaka wa 1993, azma hiyo ilipinduliwa: pahali palipotengwa ili pasionekane pakawa pahali pa kwenda kuona.

Makavazi ya Kapenguria, au makumbusho kama wengine wapendavyo kuyaita, ni madogo yakilinganishwa na yale ya Nairobi au Fort Jesus ya Mombasa. Husimamiwa na shirika la Makavazi ya Kitaifa. Ndani ya ua mmoja mgeni hukuta seli sita za waliokuwa washtakiwa, maktaba ya kumbukumbu yenye vitabu na nyaraka kuhusu harakati za uhuru, ukumbi wenye picha na vifaa vya jamii ya Wapokot, pamoja na maboma mawili ya kienyeji: moja la Wapokot na jingine la Wasengwer wa milima ya Cherangany.

Kwa haraka haraka mtu angedhani kwamba vitu hivi viliwekwa pamoja kwa kukosa nafasi. Seli za wanasiasa kutoka Kiambu, Murang'a, Machakos na Nyanza zina uhusiano gani na vibuyu vya maziwa vya wafugaji wa Pokot? Uhusiano upo, na anayeukosa huwa ameona nusu tu ya makavazi hayo.

Wilaya iliyofungwa

Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari mnamo Oktoba 20, 1952. Usiku huohuo polisi na wanajeshi walianza msako wa viongozi wa kisiasa uliopewa jina la siri la Jock Scott. Jomo Kenyatta, aliyekuwa rais wa chama cha KAU, alitiwa mbaroni nyumbani kwake Gatundu na kusafirishwa kwa ndege hadi Lokitaung, karibu na mpaka wa Ethiopia.

Serikali ilikabiliwa na swali gumu: kesi ya kiongozi mwenye wafuasi wengi kiasi hicho isikilizwe wapi? Nairobi ingejaa umati kila siku. Nyeri na Kiambu zilikuwa kitovu cha machafuko yenyewe. Kapenguria ikaonekana kufaa. Hapakuwa na reli wala hoteli, na mawasiliano ya simu yalikuwa shida tupu. Zaidi ya hayo, wilaya hiyo, iliyojulikana wakati huo kama West Suk, ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofungwa kisheria. Mtu asiye mwenyeji hakuruhusiwa kuingia bila kibali cha mkuu wa wilaya.

Kwa hivyo serikali haikuhitaji kuweka vizuizi vipya barabarani ili kuwazuia wafuasi wa Kenyatta kufika mahakamani. Vizuizi vilikuwapo tayari. Viliwekwa miaka mingi kabla ya hapo kwa ajili ya kuwadhibiti Wapokot na majirani zao, na sasa vikatumiwa dhidi ya watu wa sehemu nyingine za nchi.

Hapa ndipo ukumbi wa Wapokot na zile seli sita vinapokutana. Kabla ya Kapenguria kuwa jela ya watu sita, wilaya nzima ilikuwa imefungiwa nje ya nchi. Mpokot hakujua yaliyokuwa yakitendeka Nairobi, na mtu wa Nairobi hakuruhusiwa kujua yaliyotendeka Pokot.

Mfano mmoja unatosha. Mnamo Aprili 24, 1950, zaidi ya miaka miwili kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa, damu ilimwagika mahali paitwapo Kolloa, katika eneo la Baringo Mashariki. Kiongozi wa kidini Lukas Pkiech, mfuasi wa Dini ya Msambwa aliyekuwa ametoroka jela, alikabiliana na kikosi cha serikali akiwa na mamia ya wafuasi. Maafisa watatu wa Kizungu na askari mmoja Mwafrika waliuawa. Pkiech na wafuasi wake zaidi ya 20 wakapigwa risasi wakafa. Kisa hicho hakina nafasi kubwa katika masimulizi ya taifa kuhusu uhuru, lakini kwa wazee wa Pokot kiliacha kovu lisilofutika.

Ni nani hao sita?

Wakenya wengi huwataja kwa pamoja kama 'Kapenguria Six', ni kana kwamba walikuwa mtu mmoja mwenye vichwa sita. La hasha. Walitofautiana kwa umri, kabila, kazi na hata msimamo wa kisiasa.

Kenyatta alikuwa amerejea nchini mwaka wa 1946 baada ya kuishi Uingereza kwa takriban miaka 15. Fred Kubai, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi aliyeshirikiana na Makhan Singh. Bildad Kaggia alikuwa amelitumikia jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, akarudi nyumbani akiwa mpinzani mkali wa ukoloni na wa makanisa ya wamishonari. Paul Ngei alikuwa kijana machachari kutoka Ukambani. Achieng' Oneko alikuwa mwanahabari kutoka Nyanza, mchapishaji wa gazeti la Ramogi. Naye Kung'u Karumba alikuwa mfanyabiashara wa Kiambu aliyekuwa na kisomo kidogo kuliko wenzake.

Walishtakiwa kwa kuongoza na kuwa wanachama wa Mau Mau, kundi lililopigwa marufuku mwaka wa 1950. Kesi ilisikilizwa mwishoni mwa 1952 na miezi ya kwanza ya 1953 katika darasa la shule lililogeuzwa mahakama kwa muda. Hukumu ilitolewa Aprili 8, 1953.

Mgeni anaposimama mlangoni mwa seli hizo, ni vyema akumbuke kwamba mlango ulifunguliwa kwa kila mmoja wao kwa namna yake. Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu mwaka wa 1963 na Rais mwaka uliofuata. Ngei alikuwa waziri kwa miaka mingi, na mnamo 1975 Katiba ilirekebishwa ili Rais apate uwezo wa kumwondolea marufuku ya kugombea kiti baada ya kupatikana na kosa la uchaguzi. Kubai alikuwa mbunge na waziri msaidizi.

Wengine watatu hawakubahatika hivyo. Kaggia alifutwa kazi serikalini mwaka wa 1964 kwa kutetea watu wasio na ardhi, na mwaka wa 1966 akajiunga na chama cha upinzani cha KPU kilichoongozwa na Oginga Odinga. Oneko pia alijiunga na chama hicho. Kung'u Karumba alisafiri hadi Uganda mwaka wa 1974, wakati wa utawala wa Idi Amin, na hakuonekana tena.

Kisa cha Oneko ndicho kinachopaswa kumfanya mgeni atafakari zaidi. Mnamo Januari 1954 rufaa yake ilikubaliwa. Mahakama ikamwona hana hatia. Hata hivyo, hakuachiliwa. Aliwekwa kizuizini hadi 1961. Kisha mnamo 1969, nchi ikiwa huru, alizuiliwa tena bila kufunguliwa mashtaka, safari hii na serikali ya mtu waliyekuwa naye katika jela ya Kapenguria. Aliachiliwa mwaka wa 1975 na akaishi hadi 2007, wa mwisho kuaga dunia miongoni mwa hao sita.

Seli za Kapenguria, basi, si kumbukumbu ya ubaya wa Wazungu peke yao. Ni onyo kuhusu mamlaka yoyote yanayomfungia mtu bila kumpa nafasi ya kujitetea, yawe ya mgeni au ya ndugu.

Kesi iliyooza

Aghalabu mgeni huvutiwa na seli kwa kuwa zinaonekana na kugusika. Kuta, milango na vyumba vyembamba hueleza mateso bila kuhitaji maneno. Lakini udhalimu mkubwa zaidi haukutendeka katika seli. Ulitendeka katika chumba cha mahakama, na wenye kutaka kuujua hawana budi kuingia katika maktaba ya makavazi hayo na kuketi na vitabu.

Kwanza kuna suala la hakimu. Ransley Thacker alikuwa jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya koloni. Aliteuliwa mahsusi kwa kesi hii akaketi peke yake. Wanahistoria waliopekua nyaraka za wakati huo wameeleza kwamba alilipwa pauni 20,000, kiasi kikubwa mno siku hizo, na kwamba aliondoka nchini mara tu baada ya kutoa hukumu.

Pili kuna shahidi mkuu wa upande wa mashtaka, Rawson Macharia. Alidai mahakamani kwamba mnamo Machi 1950 alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau. Mwaka wa 1958 Macharia alikula kiapo kwa maandishi akisema ushahidi ule ulikuwa uongo. Alifichua kwamba aliahidiwa nauli ya ndege hadi Uingereza, masomo ya miaka miwili na kazi serikalini akirejea. Serikali ilimshtaki, si kwa kudanganya mwaka wa 1952, bali kwa kusema mwaka wa 1958 kwamba alikuwa amedanganya. Alifungwa jela. Wakili D.N. Pritt, aliyemhoji kwa ukali kule Kapenguria, alirudi Kenya kumtetea.

Tatu, kuna mtafsiri. Mashahidi wengi walizungumza Kikuyu, lugha ambayo hakimu hakuifahamu. Aliyeteuliwa kutafsiri alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, aliyezaliwa Kabete na kukulia miongoni mwa Wakikuyu. Leakey alikuwa mpinzani wa Mau Mau aliyejulikana wazi na hata kuandika kitabu kuhusu suala hilo. Mawakili wa washtakiwa walilalamika kwamba mtu mwenye msimamo kama huo hafai kuwa mdomo na sikio la mahakama, naye akajiondoa. Ajabu ni kwamba wakati huo Leakey alikuwa ndiye msimamizi wa Makavazi ya Coryndon, ambayo sasa ni Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi. Miaka 40 baadaye, shirika lililokua kutokana na makavazi hayo ndilo lililofungua milango ya jela ya Kapenguria kwa umma.

Nne ni suala la mahali penyewe, na hili lina kichekesho ndani yake. Mnamo Julai 1953 Mahakama Kuu iligundua kwamba Thacker alikuwa ameteuliwa kuwa hakimu katika Mkoa wa Kaskazini ilhali Kapenguria ilikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa. Kwa mujibu wa sheria, hakuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi pale. Serikali iliyouteua mji huo kwa uangalifu ili iwafiche washtakiwa haikuwa na uhakika mji wenyewe uko mkoa gani. Lakini furaha ya washtakiwa haikudumu, kwani Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilibatilisha uamuzi huo na vifungo vikaendelea.

Mawakili waliovuka bahari

Ikiwa lengo lilikuwa kuificha kesi, halikufaulu kikamilifu. Sifa kwa hilo ni ya mawakili. Pritt, aliyewahi kuwa mbunge nchini Uingereza, aliongoza kundi lililotoka katika mabara kadhaa: H.O. Davies kutoka Nigeria, Diwan Chaman Lall kutoka India, na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Tanganyika. Kutoka Kenya walikuwamo A.R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh.

Kwa kuwa Kapenguria haikuwa na malazi, walilala Kitale na kusafiri kwenda na kurudi kila siku. Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Kutokana na ubaguzi wa rangi, mawakili hao waliokaa meza moja mahakamani hawakuweza kukaa meza moja hotelini. Wakati mmoja Pritt alipeleka simu ya maandishi kwa wabunge wa Uingereza akieleza vikwazo vilivyowakumba, naye akashtakiwa kwa kuidharau mahakama. Aliondolewa lawama.

Msafiri wa leo hupitia njia hiyohiyo. Akitaka, anaweza kusimama Kitale na kuzuru makavazi ya mji huo kwanza. Nayo yana historia yake: yalianza mwaka wa 1926 kama mkusanyiko binafsi wa mlowezi, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyependa wadudu, ndege na vitabu, na ambaye alipofariki mwaka wa 1966 aliiachia nchi hazina yake. Kuyaona yote mawili kwa siku moja kuna funzo. Ya Kitale yalizaliwa na uhuru wa mtu mmoja kukusanya alichopenda, na ya Kapenguria yakazaliwa na kufungwa kwa wengine.

Kibuyu, kigoda na mkanda wa mama

Mgeni aliyemaliza kuona seli asikimbilie gari. Sehemu ya Wapokot haipaswi kuchukuliwa kama mapambo ya kumpumzisha macho. Kuna mambo kadhaa ambayo yafaa ayajue ili aielewe.

La kwanza ni kibuyu. Wapokot huhifadhi maziwa kwenye vibuyu vilivyosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu, kisha huyaacha yagande. Maziwa hayo huwa na rangi ya kijivu na ladha ya moshi. Mkaa huo husafisha chombo na kuyafanya yadumu kwa siku nyingi katika nchi kavu isiyo na barafu wala umeme. Shirika la Slow Food lenye makao yake nchini Italia limeyatambua maziwa hayo kama chakula cha asili kinachostahili kulindwa. Kumbe kile ambacho afisa wa kikoloni alikiona kama uchafu kilikuwa sayansi.

La pili ni kigoda kidogo cha mbao kiitwacho ngachar. Mwanamume wa Pokot alikibeba kila aendako. Mchana alikikalia, usiku alikilaza kichwa. Aliyekuwa amepambwa nywele kwa udongo na manyoya ya mbuni baada ya sherehe ya sapana, inayomtambulisha kijana kama mtu mzima, hakuweza kulala chali ardhini bila kuyaharibu mapambo hayo. Kigoda kilimhifadhia heshima yake akiwa usingizini.

La tatu, na pengine muhimu kuliko yote, ni leketyo. Huu ni mkanda wa ngozi uliopambwa kwa shanga au kauri, ambao mama huuvaa anapokuwa mjamzito. Mkanda huo una nguvu kuliko mkuki. Vijana wakijiandaa kwenda kuiba mifugo, mama anaweza kuuvua na kuulaza mbele yao, na kuuruka ni kujiletea laana. Kwa upande mwingine, mama akiufunga ili kumwombea mwanawe aliyekwenda uvamizini, huwa ameibariki safari hiyo. Ndiyo maana wapatanishi katika mizozo ya Wapokot, Waturkana na Wamarakwet hawachoki kuwaendea wanawake. Katika kaunti ambayo uvamizi wa mifugo ungali unaua watu na kufunga shule, mkanda huo si kitu cha kale. Ni suala la leo asubuhi.

Aidha, Wapokot si wafugaji pekee. Wale wa milimani na wa eneo la Sigor ni wakulima ambao, sawa na jirani zao Wamarakwet, wamechimba na kutunza mifereji ya kunyunyizia mashamba maji kwa karne nyingi. Ugavi wa maji hupangwa na koo, na kila mwenye zamu hujua siku yake. Mfumo huo ulikuwapo kabla ya mkuu wa wilaya, na umeishi baada yake.

Boma la Wasengwer

Boma la pili katika ua wa makavazi ni la Wasengwer, ambao pia huitwa Wacherangany. Ni jamii ndogo iliyoishi katika misitu ya milima ya Cherangany kwa kuwinda, kurina asali na kufuga kidogo. Wageni wengi hawajawahi hata kulisikia jina lao.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Tume ya Ardhi ya mwaka wa 1932 na 1933 ilipendekeza kwamba jamii za misituni kama hii zimezwe na majirani zao wakubwa. Kwa miongo mingi Wasengwer wakahesabiwa kama Wapokot, Wamarakwet au wengineo. Baada ya uhuru wameendelea kufurushwa kutoka msituni kwa hoja ya kuhifadhi vyanzo vya maji. Mnamo Januari 2014 nyumba nyingi ziliteketezwa katika msitu wa Embobut, katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, hatua iliyolaaniwa na watetezi wa haki za binadamu ndani na nje ya nchi. Wenyewe hushikilia kwamba wao ndio waliouhifadhi msitu huo.

Kwa hiyo boma lililojengwa katika ua wa makavazi lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa kulitenga na lile la Wapokot, taasisi ya taifa imekiri kwamba jamii hii ipo na ina nyumba yake. Lakini upande mwingine wa shilingi unatia uchungu: nyumba ya Msengwer iliyo salama kabisa ni ile isiyokaliwa na mtu.

Kazi iliyobaki

Makavazi madogo hukumbwa na hatari ambayo makubwa hayaijui. Makubwa huvutia watalii hata kama wenyeji hawaendi. Madogo yasipoendewa na wenyeji, hugeuka ghala. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu kuhusu makavazi na utamaduni, huku turathi zenye umuhimu wa kitaifa zikibaki mikononi mwa serikali kuu. Kapenguria ni vyote viwili kwa pamoja: kesi ile ni ya taifa, maboma yale ni ya wenyeji. Ni rahisi kila upande kungoja mwenzake atoe fedha.

Muda nao hausubiri. Washtakiwa wote sita wameaga dunia. Hakimu, mwendesha mashtaka na shahidi mkuu pia. Waliobaki ni wachache mno: wazee wa Kapenguria na vijiji vya karibu ambao walikuwa watoto mwaka wa 1952, walioona magari ya askari yakipita na mawakili wageni wakiwasili kila asubuhi, bila kuambiwa kulikuwa na nini. Masimulizi ya kesi ile yameandikwa na mawakili, wanahabari na washtakiwa wenyewe. Ya wenyeji hayajaandikwa kwa kiwango hicho. Mwalimu wa historia mwenye kinasa sauti na wanafunzi kumi anaweza kufanya kazi hiyo mwaka huu. Miaka mitano ijayo huenda asimpate wa kumhoji.

Tangu 2010, Oktoba 20 si Siku ya Kenyatta tena bali ni Siku ya Mashujaa. Mabadiliko hayo ya jina yana mantiki ileile ya makavazi haya. Shujaa si mmoja, wala si sita. Ni pamoja na aliyeonwa hana hatia akabaki kizuizini, mama aliyelaza mkanda wake mbele ya vijana wenye silaha, na jamii iliyokataa kuitwa kwa jina la jirani yake.

Msafiri aelekeaye Lodwar hupita Makutano, na kutoka hapo Kapenguria ni kilomita chache tu. Siku hizi haombi kibali cha mtu yeyote kuingia katika wilaya hiyo. Sababu hiyo pekee yatosha kumfanya akate kona.